Mtaala Mpya, Mitihani Mipya: Watoto Wetu Tuwaandaeje?



 

 Swali tunaloulizwa mara nyingi siku hizi na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto baada ya laasiri si la tajwidi wala la fiqhi. Wanauliza: "Maalim, ni kweli darasa la saba linaondoka? Mwanangu atamaliza mwaka gani?" Wengine wana watoto wawili waliopishana darasa moja, na wameambiwa kuwa watoto hao watamaliza siku moja. Wanadhani ni utani. Si utani. Ndiyo maana tumeona katika toleo hili tulieleze jambo hili kwa kituo, kwa sababu shule zinajiandaa, Serikali inajiandaa, na mtoto anayerudi nyumbani kwetu Mikindani, Shangani, Msangamkuu au Msimbati naye hana budi kuandaliwa.

NINI HASA KIMEBADILIKA?

Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge alieleza nia ya Serikali ya kupitia upya elimu yetu. Kazi ile ikazaa vitu viwili: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitaala ilianza kutumika shuleni Januari 2024 katika elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, na kwa kidato cha kwanza katika shule za mkondo wa amali, yaani zile zinazomfundisha mtoto ufundi pamoja na masomo. Sera yenyewe ilizinduliwa na Rais mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025.

Kwa mujibu wa sera hiyo, elimu ya msingi ni miaka 6 badala ya 7. Baada yake mtoto anaendelea na sekondari ya chini miaka 4. Jumla ni miaka 10, na miaka hiyo yote 10 ni ya lazima. Hapa pana jambo kubwa ambalo wazazi wengi wanalipita haraka. Tulizoea kusema "mwanangu kamaliza la saba", tukimaanisha kamaliza shule, sasa ashike jembe, aingie baharini au aolewe. Kwa sera hii kumaliza elimu ya msingi ni kufika katikati ya njia tu. Mtoto anatakiwa kukaa darasani mpaka kidato cha nne.

Tunajua wapo wazee wanaotabasamu wakisikia haya. Sera ya 2014 nayo ilipozinduliwa na Rais Kikwete, Februari 2015, watu walisikia habari za kuondoa darasa la saba, miaka ikapita na darasa la saba likabaki palepale. Tabasamu lao tunalielewa. Lakini safari hii watoto wameshaanza kusoma kwa vitabu vipya, na hesabu ya miaka imeshaanza kutembea.

MWAKA 2027

Tuifanye hesabu hiyo taratibu, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi.

Mtoto aliyeingia darasa la tatu Januari 2024 alianza na mtaala mpya. Mwaka 2025 alikuwa darasa la nne, 2026 ni la tano, na 2027 ni la sita, na hapo ndipo anapomaliza. Kaka yake aliyeingia darasa la nne Januari 2024 alibaki na mtaala wa zamani. Yeye 2025 alikuwa la tano, 2026 la sita, na 2027 anafika la saba, naye anamaliza. Basi kaka na mdogo wake wanamaliza mwaka mmoja, kila mmoja kwa mtaala wake, na Januari 2028 wote wawili wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza.

Maana yake nini kwa shule? Ni kwamba shule ya sekondari ya kata iliyozoea kupokea mkondo mmoja wa watoto kutoka vijiji vyake itapokea miwili kwa mpigo. Madarasa, madawati, vyoo, nyumba za walimu na walimu wenyewe, vyote vinatakiwa kuongezeka. Miradi kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari imekuwa ikijenga madarasa na shule mpya nchini. Walimu nao wana mpango wao wa kujifunza wakiwa kazini, unaoitwa MEWAKA, ambapo hukutana shuleni na kwenye vituo vya walimu kufundishana namna ya kuushika mtaala mpya. Hayo ni ya Serikali na wakuu wa shule.

Kwa mzazi maana yake ni sare mbili, mikoba miwili na madaftari ya watoto wawili kwa Januari moja. Ada haipo. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini sare, viatu, daftari na chakula cha mchana havijawahi kuwa bure. Mwenye watoto wa namna hii auze korosho zake akikumbuka kwamba msimu wa mwishoni mwa 2027 ndio utakaonunua vitu hivyo. Kwa maoni yetu, shilingi inayowekwa pembeni msimu mmoja kabla ya hapo ni bora kuliko mkopo wa Januari.

UMAHIRI NI KITU GANI?

Neno linalosikika sana kwa walimu wa shule siku hizi ni "umahiri". Wanasema mtaala unapima umahiri, haupimi kukariri. Si neno jipya kabisa, maana hata mitaala iliyotangulia ililitaja, ila sasa linasisitizwa zaidi. Wazazi wengi wakilisikia huliacha lipite. Tulieleze kwa mfano wa kwetu.

Swali la kawaida la hesabu linasema: 6 × 80 ni ngapi? Mtoto anaandika 480, anapata alama zake. Sasa swali la kupima umahiri linaweza kuja hivi: Bibi amepeleka kwenye chama cha msingi magunia 6 ya korosho, kila gunia lina kilo 80. Karani ameandika kilo 460 kwenye stakabadhi. Je, karani ameandika sawa? Kama hapana, eleza kosa liko wapi.

Hesabu ni ileile. Jibu ni kwamba zimekosekana kilo 20. Lakini mtoto hakuambiwa azidishe, wala hakuambiwa atoe. Ni lazima asome maneno yote, ayaelewe, achague mwenyewe njia, kisha aeleze kwa maandishi yanayosomeka. Mtoto anayejua meza ya 8 kwa wimbo lakini hawezi kusoma aya ya mistari minne atakosa swali hili, na si kwa sababu hajui hesabu. Katika mkoa ambao mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo tangu 2007, mtoto wa namna hiyo hataweza kumsaidia bibi yake pia.

Sasa tuje kwetu madrasa. Mwanafunzi anaweza kuzitaja nguzo 6 za udhu kwa mpangilio wake bila kusita, kisha akaenda kwenye birika, akarudi kisigino kikiwa kikavu. Sote tunajua onyo la Mtume (S.A.W.) kuhusu visigino. Mwanafunzi huyo anazo habari za udhu, umahiri wa udhu hana. Maalim anayemtazama akitawadha ndiye anayempima kwa namna ambayo mtaala mpya unaitaka.

Na kwa kweli namna hii ya kupima si ngeni hapa. Mtoto anaposikilizwa Surat an-Naba hatumwambii, "Umepata 50 kwa 100, umefaulu, endelea mbele." Anarudi, anasahihisha pale alipoteleza, anasikilizwa tena kesho na keshokutwa mpaka inyooke, ndipo anavuka. Anapimwa kila siku, ana kwa ana, na kila mwalimu anajua mtoto gani yuko wapi. Shuleni wanaita upimaji endelevu. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja kama tunavyofanya kwenye duara letu, na hilo ni zito kwake. Lakini mzazi mwenye watoto watatu anaweza.

Lipo jambo moja lakini ambalo hatupendi lifichwe. Wapo watoto wanaosoma msahafu vizuri, sauti nzuri, makhariji safi, na ukiwapa ukurasa wa Kiswahili wanasoma herufi moja moja kama wanaohesabu mawe. Hifdhi ni neema kubwa na hatutaipunguza hata chembe. Ila hifdhi haiwezi kumjibia mtoto swali la darasa la nne. Mtoto wa Kiislamu anahitaji vyote viwili, na kusoma Kiswahili kwa ufasaha ndio mlango wa masomo yake yote ya shule ya msingi, hata somo la dini lililomo kwenye ratiba ya shule.

Njia ya kumjua mtoto wako ni nyepesi. Chukua kitabu chake cha darasa lililopita, mfungulie ukurasa wowote, mwambie asome kwa sauti. Kisha funga kitabu umuulize maswali matatu: nani kafanya nini, kwa nini, na wewe ungefanyaje. Akijibu mawili ya kwanza na kukwama la tatu, yuko pazuri, aendelee kuulizwa. Akikwama la kwanza, hapo pana kazi, na kazi hiyo ianze leo jioni kwa dakika 15 baada ya maghribi. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza. Amwambie mtoto amsomee, kisha amsimulie. Usimulizi utamwonyesha kama mtoto ameelewa.

Wasiokuwa na vitabu nyumbani wajue kuwa Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, vinasomwa bure kwa simu yenye intaneti. Simu ileile inayotazamia mpira inaweza kufungua kitabu cha Sayansi.

MITIHANI YENYEWE

Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo wengi tunaliita NECTA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi yetu kutoka katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Tangu zamani kulikuwa na mvutano: mtihani ni wa kuchuja au wa kupima? Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilalamikia elimu inayowaandaa wachache wanaochaguliwa na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe ndio pekee unaoamua, na kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kwa hiyo mtihani wa darasa la saba ukabaki kuwa chujio. Shule za sekondari za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, chujio likaanza kulegea. Sasa miaka 10 ya lazima inalitoa kabisa mahali pake.

Watu wasielewe vibaya. Kuondoka kwa chujio hakumaanishi kuwa watoto hawapimwi. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kidato cha pili kadhalika, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Kidato cha nne ndipo mtoto anapotafutiwa cheti chake. Wanaokumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, wanajua ilivyokuwa. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, nchi nzima ikashtuka, na Serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya. Watoto wale hawakuanza kufeli kidato cha nne. Wengi walivuka ngazi baada ya ngazi bila mtu kuwauliza wanajua nini.

Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma ukurasa huu, lipo jambo wengi hawalijui. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha swali gani liliwashinda na kwa nini. Zimo kwenye tovuti yake pamoja na fomati za mitihani. Ukizisoma utaona sababu moja ikijirudia: watahiniwa hawakuelewa swali linataka nini. Ameambiwa "linganisha", yeye ameeleza. Ameambiwa "toa sababu", yeye ametaja. Elimu ya Dini ya Kiislamu nayo hutahiniwa na Baraza kidato cha nne, na anayedhani atapita kwa sababu tu amekulia madrasa ajihadhari. Mswali huulizwa namna ya kutumia elimu.

Tuwape mfano mmoja wa kufanyia mazoezi, unaokutanisha masomo mawili. Mtu amefariki, hana deni wala wasia, wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na shamba la mikorosho 240 inayolingana. Kila mmoja apate mikorosho mingapi? Mke ana thumni, yaani moja ya nane, ni mikorosho 30. Inabaki 210. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja, jumla mafungu matatu, kila fungu mikorosho 70. Basi wa kiume 140, wa kike 70. Rudisha ujumlishe: 30, 140 na 70 ni 240. Ukiweza hili umefanya fiqhi, sehemu, uwiano na uhakiki wa jibu kwa mara moja. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa dunia neno "aljebra", alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mahesabu ya mirathi na wasia. Waislamu waliotangulia hawakuona hesabu kuwa somo la watu wengine.

KOROSHO, BAMVUA NA UNYAGO

Sasa tuseme la kwetu wenyewe, maana mtaala hata ukiwa mzuri namna gani hauwezi kumfundisha mtoto ambaye hayupo darasani.

Kwa kawaida mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, upimaji wa darasa la nne Oktoba, na kidato cha pili na cha nne Novemba. Miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo korosho zinadondoka na minada inashika kasi. Ndipo mtoto anapotumwa shambani "siku mbili tu", na siku mbili zinakuwa wiki mbili. Upande wa pwani, maji yakiwa ya bamvua, watoto wanakwenda mwambani kutafuta pweza, na madawati yanabaki wazi. Hatumlaumu mzazi anayehitaji mikono. Tunasema tu kwamba okota korosho Jumamosi na Jumapili, na hata sisi madrasa tuko tayari mtoto akosekane kwetu siku hizo kwa ruhusa, kuliko akosekane shule katika wiki za mtihani.

Jando na unyago navyo vina wakati wake. Likizo ya Juni na ya Desemba zipo. Mtoto anayewekwa ndani shule zikiwa wazi anatoka ameachwa na wenzake, na kwa mtaala unaompima kila siku, siku zile hazirudi.

Kuhusu ratiba yetu: darasa lenye mtihani wa kitaifa huwekwa kambini au hupewa masomo ya jioni, na saa zinagongana na madrasa. Wapo wazazi wanaomtoa mtoto madrasa mwaka mzima kwa sababu hiyo. Si lazima. Njooni tuzungumze. Mtoto anaweza kuhamia darasa la baada ya alfajiri au la mwisho wa wiki, akabaki na muraja'a tu mpaka amalize mtihani, asipoteze alichohifadhi.

LUGHA, KISHA JINA

Mtoto wa mtaala mpya atafika kidato cha kwanza akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huko masomo hufundishwa kwa Kiingereza wakati shule ya msingi ya Serikali hufundisha kwa Kiswahili. Amepungukiwa mwaka mmoja wa kukua na kujiandaa. Ndiyo maana mtaala mpya umeanzisha Kiingereza mapema, tangu darasa la kwanza. Mtoto aliyeweza kujifunza sauti za Kiarabu akiwa na miaka 5 hashindwi na Kiingereza. Anachohitaji ni maneno machache kila siku na mtu wa kumsikiliza, hata kama ni dada yake wa kidato cha pili.

La mwisho ni dogo, na linaleta usumbufu mkubwa. Kila mtoto shuleni ana namba ya PREM, na jina linaloingia humo ndilo linalofuatana naye mpaka kwenye cheti. Majina yetu yana maandishi mengi: Abdulrahman, Abdurahmani, Abdrahaman, Swaumu na Saumu, Hadija na Khadija. Cheti cha kuzaliwa kina moja, shule ina jingine, kadi ya kliniki ina la tatu. Kijana akifika kuomba mkopo wa chuo au kazi anaambiwa huyu si wewe, anaanza kutafuta viapo mahakamani. Basi wiki hii chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama hana kifuatilie RITA, kisha nenda nacho shuleni umwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina lilivyoandikwa. Linganisha herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, omba irekebishwe sasa, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani.